Pimbi wa Kilima cha Mwisho

Paukwa!

Pakawa.

Hapo nyuma hamjaitikia. Nani amelala? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa nimewajua mliopo.

Zamani, zamani sana, palikuwa na vilima vinne. Kilima cha kwanza alikaa Nungunungu, mchimba dawa. Cha pili alikaa Kobe, cha tatu Kicheche. Kilima cha mwisho, ng'ambo ya mto, walikaa Pimbi na mumewe. Digidigi alikuwa tarishi wao wote.

Mume wa Pimbi akaugua. Digidigi akatumwa kwa Nungunungu, na mzizi ukachimbwa. Lakini kabla hajarudi, mvua ikanyesha, mto ukafurika. Wanyama wakakaa kushauriana: tarishi ataijuaje njia?

Kobe akasema njia ni ile ile waliyopita mababu, kwani ya kale ni dhahabu. Digidigi akaenda, akasimama ukingoni, akayatazama maji, akarudi.

Kicheche akasema kuuliza si ujinga. Kila mmoja amuulize jirani yake, na jibu la jirani alishike. Basi Digidigi akamuuliza Kobe. Kobe alikuwa amesikia kwa Kicheche kwamba njia ipo, akamwambia apitie kwa Kicheche. Kicheche naye alikuwa amesikia kwa Kobe kwamba njia ipo, akamwambia apitie kwa Kobe. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi.

Chekeni tu. Mzizi ulikuwa unamkaukia mgongoni.

Huko kwake, Pimbi hakuweza kumwacha mgonjwa. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe akaita kwamba njia ya mawe, ile inayozunguka juu ya chemchemi, iko wazi. Kicheche aliisikia sauti kwa mbali. Akasema Pimbi ana kelele tangu zamani, wala hakulipeleka neno mbele.

Mumewe akafa. Pimbi akamzika peke yake, akalala peke yake, akaamka peke yake. Jamani, upweke ni kitu kibaya. Unapika kidogo, na hicho kidogo kinabaki.

Matanga yalipokwisha, matanga ya mtu mmoja, Pimbi akashuka kwa njia ya mawe. Akawakuta wenzake bado wanashauriana. Wote wakamtazama miguu, na miguu ilikuwa mikavu.

"Njia ilikuwa wazi siku zote," akasema. "Kila mtu alimuuliza jirani yake. Mimi niishiye pale, hakuna aliyeniuliza."

Kobe akaingiza kichwa ndani. Kicheche akatazama chini. Nungunungu akamwomba Pimbi achague yeye desturi ya kufuata.

Pimbi akasema, kila kukicha kila mmoja amsalimu jirani yake, kisha aseme habari za njia za mlangoni kwake tu: ipi iko wazi, ipi imefungwa. Neno hilo lifike vilima vyote kama lilivyosemwa, lisitiwe chumvi, na kila mmoja achague njia yake kwa akili yake. Asiyeitikia salamu, ijulikane njia ya kwake ina jambo, vilima vyote vipashwe habari, naye atafutwe kwa njia nyingine.

Wakakubali. Pimbi akarudi kwake. Nyumba ilikuwa baridi vilevile, lakini kila asubuhi Kicheche alisalimu kutoka ng'ambo, naye akaitikia.

Asubuhi moja hakuitikia. Umande haujakauka, Digidigi alikuwa mlangoni, amekuja kwa njia ya mawe.

"Hodi, mama. Hukuitikia salamu."

"Sina neno, mwanangu. Nilimkumbuka mume wangu, sauti ikakataa kutoka."

Digidigi hakuwa na mzigo wala ujumbe. Akaketi. Pimbi akapakua kile kidogo alichopika, wakala pamoja, kikaisha.

Basi nawaambia: semeni mlichokiona mlangoni kwenu, msiyapitishe ya kusikia kana kwamba mmeyaona. Na jirani akinyamaza, mfuateni.

Hadithi yangu imefika kilima cha mwisho. Ikiwa njema, ipelekeni kama nilivyoisema. Ikiwa mbaya, nirudishieni mwenyewe.