Pete za Chuma Chini ya Kitanda

Mtu mmoja alikuwa na mama aliyepooza miguu, na alikuwa na chuma cha kufanyia mazoezi. Mama alipewa na Mungu. Chuma alikinunua mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Elisaria, fundi wa kushona, mtu wa kukaa kutwa nzima nyuma ya cherehani. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko wa mlima. Kutoka chumba cha mama hadi barazani kulikuwa na ngazi za mawe, nyembamba na kali, ambazo kiti cha magurudumu kisingeweza kupita. Mama aliomba jambo moja tu: kila asubuhi apandishwe barazani, aote jua na kusalimiwa na watu waendao sokoni. Alikuwa akisema kwamba asiyesalimiwa amekwisha kufa, bado kufukiwa tu.

Siku ya kwanza Elisaria alimbeba, akaishiwa pumzi katikati ya ngazi. Akamketisha juu ya jiwe huku akitweta, wapita njia wakiona, na mama akavuta khanga akajifunika uso. Aibu ile ilimchoma Elisaria kweli kweli. Tusimnyime haki yake. Alilia, akaapa kwamba atajitafutia nguvu.

Akashuka mjini, akaingia duka la vifaa vya mazoezi. Huko akakuta vyuma vya namna mbili, vyote vya mviringo vyenye mshikio juu, mfano wa birika lisilo na mdomo. Cha kwanza kilikuwa kipande kimoja, uzito wake ni ule ule leo na kesho. Cha pili kilikuwa na pete za chuma zilizopangwa ndani na pini ubavuni: ukitaka kizito unaongeza pete, ukitaka chepesi unatoa. Elisaria akavipima kama mtu mwenye busara. Cha kipande kimoja hakiharibiki hata ukikiangusha. Lakini ukishakizoea utahitaji kikubwa zaidi, kisha kikubwa kuliko hicho, na nyumba yake ilikuwa ndogo. Cha pete kinakaa pembeni tu, na kinakua pamoja na mwenye nacho. Kweli, pini hulegea, na kubadilisha pete kunakula muda. Akachagua cha pete, na hesabu yake ilikuwa nzuri. Jambo moja tu hakulitia kwenye mizani, nalo ni yeye mwenyewe.

Alifanyia mazoezi chumbani kwa mama, maana huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Mwanzoni alitia pete zote, akanyanyua, akaona kiuno kinalalamika. Akachomoa pini, akatoa pete moja, akaisukuma chini ya kitanda cha mama. Leo tu, alijiambia. Kesho yake palikuwa na baridi, akatoa nyingine. Ukaja msimu wa harusi, kazi za watu zikamwelemea, akatoa nyingine tena. Chuma hakikuwa na kosa lolote. Kidole kinachoongeza pete ndicho kinachoipunguza, na Elisaria aliujua upande mmoja tu wa kazi ya kidole chake. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Lakini kibaba nacho humwagika haba na haba, na anayemwaga hana habari.

Mama alikuwa na habari. Alilala ameelekea ukutani, akaisikia pini ikichomoka, akazisikia pete zikikwaruza sakafu chini yake. Mzazi gani atamwambia mwanawe kwamba anamsikia akishindwa?

Naye Elisaria aliendelea kumpandisha kila asubuhi, akiguna kila ngazi na kushika kiuno. Siku moja alisema, "Mama, siku hizi umenenepa!" Alisema kwa utani, akacheka, akaenda kwenye cherehani yake. Utani wa mtoto huingia kwa mzazi bila kubisha hodi.

Tangu siku ile mama akawa mtu wa kushiba upesi. Makande aliyoletewa barazani aliyatupa kidogo kidogo nyuma ya kiti, na kuku wa nyumbani wakapajua mahali pale. Kuku wakanenepa. Nakijwa, mke wa Elisaria, aliokota sahani akamtazama mkwewe. "Mama, mbona sahani inarudi nyeupe na wewe unakwisha?" Mama akamjibu kwamba uzee nao unakula. Nakijwa akamweleza mumewe, lakini mumewe alikuwa na furaha nyingine.

Elisaria alikuwa ameanza kuona nguvu zake zimeongezeka. Alipanda ngazi zote bila kupumzika. Hakuguna tena. Akawahubiria mafundi wenzake sokoni juu ya chuma chake, jinsi kinavyomkuza mtu bila kumtesa, na wakati huo chuma chenyewe kilikuwa kimebaki ganda na mshikio. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na sasa Elisaria alikuwa amempata mama wa usufi, wala hakushangaa.

Asubuhi moja alimbeba kwa mkono mmoja, kwa majivuno, ili watu wa njiani waone. "Unaona, mama? Nguvu zimekuja."

Mama akamshika shingo, akasema, "Hazikuja, mwanangu. Ulisema mimi mzito, nikajipunguza."

Elisaria akacheka. Alidhani ni maneno ya wazee.

Mahindi hayajakauka shambani, mama akafa. Vijana walioliinua jeneza walitazamana, maana walikuwa wamejiandaa kwa uzito ambao hawakuukuta. Matanga yalipoanuliwa, wanawake wakaingia kufagia chumba. Wakakivuta kitanda, na pale chini zikaonekana pete za chuma, zote, zimefunikwa na vumbi. Nakijwa akaenda kumwita mumewe. Elisaria akazitazama. Kisha akasikia vishindo vidogo juu barazani, akapanda ngazi, akawakuta kuku, wanene, wamekizunguka kiti kitupu wakingojea.

Hapo ndipo alipoelewa, na kuelewa hakukumfaa kitu. Akashuka, akazifuta pete kwa shati lake, akazirudisha zote ndani ya chuma, akafunga pini. Akashika mshikio kwa mikono miwili akavuta. Chuma hakikuondoka sakafuni.

Basi ninyi mnaoshukuru kwamba siku hizi mizigo yenu imekuwa myepesi: mmewahi kuuliza nyumbani kwenu ni nani aliyeacha kula?