Nyumba Hupimwa Jumatatu

Hapo zamani, na zamani yangu mimi si ya wafalme wala mazimwi, ni ya juzi tu, katika jiji ambalo magari yake yamebanana mpaka mbuzi huvuka barabara bila kukimbia, alikuwapo mpishi mmoja jina lake Tunu. Kaeni vizuri. Wewe pale nyuma, lala baadaye, maana mwishoni nitakuuliza.

Tunu alipika uji wa watoto katika hospitali kubwa iliyokuwa katikati ya jiji. Msicheke! Mnaona uji ni kitu kidogo? Watoto wa wodi ile hawakupewa dawa tumbo likiwa tupu. Uji ukichelewa, dawa inachelewa. Dawa ikichelewa, wodi nzima inalia. Na Tunu aliipenda kazi yake, jamani. Alimjua anayetaka uji wa ndimu, alimjua asiyekunywa mpaka apulizwe, alimjua hata yule anayeficha kikombe chini ya shuka ili aongezewe.

Tatizo lilikuwa njia. Tunu, na wanawe wawili na mama yake, alipanga Shimo la Mchanga, kule jiji linakoishia na minazi inakoanza. Aliamka kabla ya jogoo, akatoka kabla ya adhana, na bado alichelewa. Leo daraja limefungwa. Kesho lori limelala katikati ya barabara. Keshokutwa mvua, na mvua ya jiji lile ikinyesha kila kitu husimama isipokuwa maji. Alichelewa mara ya kwanza, msimamizi wa jiko akamtazama. Alichelewa mara ya pili, msimamizi akamsema. Alichelewa mara ya tatu, msimamizi akamwita ndani, akafunga mlango.

"Tunu, mkono wako ni mtamu, sikatai. Lakini mtoto mgonjwa hashibi kwa sifa zako. Ukichelewa tena, mwiko nampa mwingine."

Tunu alitoka pale. Alilia nyuma ya stoo ya kuni, akalia mpaka akachoka. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akasema, "Nahama."

Sasa, Tunu alikuwa na jirani huko Shimo la Mchanga, mlango kwa mlango, jina lake Sikudhani. Huyu alifua shuka za hospitali ile ile, na njia iliyomtesa Tunu ilimtesa na yeye. Naye alikuwa amekwisha kuonywa kwa kuchelewa. Kwa mkubwa wake alibakiwa na kosa moja tu, kisha barua ya kwaheri. Sikudhani alikuwa na ulimi mkali kama pilipili kichaa, lakini moyo wake ulikuwa mweupe.

Tunu akamtafuta dalali. Dalali akaja: Kondo, kijana wa suruali iliyonyooshwa na simu mbili, moja ya kupigiwa, moja ya kujifanya amepigiwa. "Dada Tunu, umempata mtu. Utahama hata panya wako wasijue."

Siku ya Idi pili akampeleka Mikoroshini kuona nyumba. Eh! Bomba ndani, sakafu ya vigae, dirisha linaangalia upepo. Wakatoka pale kujaribu njia mpaka hospitali. Walifika upesi, hata jasho halijawatoka. Tunu nusura apige vigelegele mbele ya geti.

Akarudi kumsimulia Sikudhani. Sikudhani akaacha kuchambua mchele.

"Shoga, leo siku gani?"

"Idi pili."

"Watu wako wapi?"

"Makwao, wanakula pilau."

"Basi wewe hujaona barabara, umeona uwanja. Nyumba haipimwi Idi, mwenzangu. Nyumba hupimwa Jumatatu."

Kondo naye, alipoambiwa asubiri, akasema, "Dada, hiyo nyumba Jumatatu haiioni jioni! Watu wanaigombea." Kila dalali husema hivyo, na mara moja moja huwa kweli. Mwenye nyumba alitaka jibu Jumatatu ile ile kabla ya adhuhuri. Tunu akabaki njia panda. Ajaribu njia mwenyewe? Akikwama, mwiko umekwenda. Asijaribu? Ahame, kisha akwame kila siku?

"Nitapima mimi," akasema Sikudhani.

"Wewe? Na wewe umebakiwa na kosa moja!"

"Nimesema nitapima. Una masikio mangapi?"

Jumapili Sikudhani akaenda kulala kwa shangazi yake aliyekaa Mikoroshini. Jumatatu akatoka alfajiri. Kumbe chini ya kilima cha Mikoroshini barabara nne zinakutana kugombea daraja moja jembamba! Siku ya Idi halionekani, siku ya kazi halipitiki. Sikudhani alikaa kwenye basi mpaka abiria wakaanza kuulizana habari za ukoo. Akashuka, akavua viatu, akatembea.

Tunu, aliyetoka mbali zaidi lakini siku hiyo akabahatika, alikuwa amekwisha kugawa uji wote alipomwona mwenzake dirishani. Jua limepanda, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. "Usiichukue," akasema Sikudhani. Hilo tu. Mkubwa wake alikuwa amekwisha kumwita.

Alipotoka kwa mkubwa alikuwa amesamehewa kwa mara ya mwisho kabisa, tena kwa kuombewa na wafuaji wenzake wote. Tunu akamshika mikono analia. "Umeichoma kazi yako kwa ajili yangu!"

"Haijaungua," akasema Sikudhani, "imebabuka tu. Wacha kunililia, nina shuka za kufua."

Habari zikamfika Kondo. Nilidhani atabisha, maana madalali wengi nimewajua. Hakubisha. Alikuja jikoni kwa Tunu, simu zote mbili mfukoni, akasema, "Wallahi sikukudanganya, dada. Nilijidanganya na mimi."

"Basi nitafutie pa karibu. Karibu ya miguu, si ya maneno."

Vyumba vya jirani na hospitali havikai tupu. Watu huvirithishana kama dhahabu za bibi. Kondo alikijua kimoja tu kitakachotoka, na hicho, ndugu zangu, alikuwa amejiwekea mwenyewe. Kinyozi hajinyoi! Kondo aliyewapangisha watu nusu ya jiji alilala kwenye jamvi sebuleni kwa kaka yake, mbali kuliko Shimo la Mchanga. Kila asubuhi alipofika mjini, vyumba vizuri vilikwisha kuchukuliwa na madalali walioamkia hapo hapo. Alikuwa na mchumba, Zaina, na baba yake Zaina alikwisha kumwambia, "Siozi binti sebuleni kwa shemeji. Pata mlango wako kwanza." Miaka aliisubiri nafasi ile, akimwamkia mwenye chumba kila alipopita.

Kondo akasema, "Kipo kimoja. Kilikuwa changu. Sasa nimekupa." Akageuka upesi, Tunu asimwone macho.

Aliyekaa katika chumba hicho alikuwa Mzee Machano. Maisha yake yote aliendesha gari la wagonjwa, na alipanga pale ili akigongewa awe amekwisha kuvaa viatu. Sasa alikuwa amestaafu. Alikusudia kuhamia kwa binti yake pembezoni mwa jiji, lakini si sasa, mwakani, akishajizoesha.

"Shikamoo, babu," Tunu akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa uji?"

"Ndiye mimi."

"Na watoto wanasubiri?"

"Wanasubiri, babu."

"Basi mimi nakaa hapa nikifanya nini? Nilikaa ili niwahi. Sasa sina pa kuwahi." Wiki haikwisha, mzee akafunga virago vyake akaondoka.

Tunu akahamia na wanawe na mama yake, wakabanana kwa raha. Lo, mngemwona! Alitoka nyumbani anga likianza kupauka, akatembea bila haraka, mikono ikining'inia, akafika kabla ya mwenye ufunguo wa jiko. Uji uliiva mapema, dawa zikanywewa mapema, na wodi ikawa na kelele za watoto wanaocheza. Msimamizi akaonja kwa kijiko, akasema, "Mwiko umepata mwenyewe." Tunu alifurahi siku ile mpaka akasahau kula.

Hadithi ingeishia hapa ningekuwa nimewapunja. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na kijichumba cha uani, ambacho mzee alikitia matairi na makorokoro yake. Mzee alipokuja kuviondoa vyote, Bi Mashavu mwenye nyumba akamwita Tunu, akampa ufunguo.

"Mwanangu, wewe umekaa na watu wangu vizuri. Kijichumba hiki mpe umtakaye, nami nitampangisha. Lakini watu wa familia moja tu, choo chetu chenyewe mnakijua. Jina nalitaka Ijumaa baada ya alasiri. Ukikosa, natia kuku."

Siri ya uani haikai uani. Ijumaa, alasiri ilipoisha, walikuwa wamefika wote watatu: Sikudhani, Kondo na Mzee Machano.

Sikudhani akaanza, kama kawaida yake. "Shoga, mimi sizungushi. Mwiko unao kwa sababu ya miguu yangu. Nilikuwa na kosa moja la akiba, nikalitumia kwako. Nikichelewa siku moja tu, mimi sina kazi, na bado naamkia Shimo la Mchanga. Nipe kijichumba."

Kondo akasema, "Dada Sikudhani, ulimwambia asichukue nyumba. Sawa. Lakini kumwambia mtu asile si kumpa chakula. Chumba nilikitoa mimi, na nilikitoa kinywani mwangu. Baba yake Zaina ameanza kupokea wageni wengine wa posa. Nipe kijichumba, dada Tunu, nioe."

"Na Idi pili ulimpeleka wapi?" Sikudhani akamdaka.

"Nilikosea. Lakini wangapi wanaokosea na kulipa kwa chumba?"

Mzee Machano akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wajukuu zangu, mmoja alipima njia, mmoja alitoa nafasi yake. Mlango huu aliyetoka ni mimi. Nilidhani nimechoka na mji. Kumbe nilistaafu kazi, sikustaafu watu! Kule kwa binti yangu kutwa nzima hakuna wa kucheza naye bao wala wa kuniuliza nimeamkaje. Sasa naamka alfajiri na uzee wangu, napanda mabasi mawili, nije nikae kwenye baraza hili. Ujana wangu wote sikujua foleni, naijua leo. Nipeni kijichumba nifie penye sauti za watu."

"Lakini babu," Kondo akasema taratibu, "wewe huna pa kuchelewa."

"Mwenye siku chache ndiye mwenye haraka, mwanangu."

Hapo moyo wa Tunu ukampasuka vipande vitatu. Akimtazama Sikudhani, aliona vumbi la magotini. Akimtazama Kondo, aliona kijana aliyegeuza uso. Akimtazama mzee, aliona virago vilivyofungwa ndani ya wiki moja. Namjua mwerevu mmoja hapa ataniambia, amlaze mmoja wao chumbani kwake. Wapi? Juu ya mama yake? Na mwingine atasema wapige kura. Mambo ya kura waachie wasiodaiwa wema.

Bi Mashavu akatokea mlangoni na tenga la kuku. "Tunu. Jina."

Tunu akawatazama wenzake. "Mkinichukia nitafanyaje?" akauliza, machozi yanamlenga.

Mzee Machano ndiye aliyejibu. "Taja tu. Utakayemtaja, godoro lake nitalishika upande mmoja."

"Na upande wa pili mimi," akasema Kondo.

"Mtalivunja mgongo godoro la watu, nyinyi," akasema Sikudhani, huku anajifuta macho. "Nitafagia kwanza."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi, maana kuwanyima wagomvi ni rahisi. Tunu akavuta pumzi. Akataja jina moja, kwa sauti ndogo, na wale wawili wasiotajwa wakaenda kulichukua godoro la aliyetajwa. Bi Mashavu akarudi ndani na kuku wake.

Jina gani? Mimi niliyesimulia ninalijua, wala silisemi. Uzito alioubeba Tunu hamtaniachia mimi peke yangu. Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, wewe mwenye busara, na wewe mama unayetikisa kichwa: kuna aliyeiponza kazi yake ili Tunu asipotee, kuna aliyeitoa nafasi yake ili Tunu apate, na kuna aliyetoka mlangoni ili Tunu aingie. Ufunguo ungekuwa mkononi mwako, na wote watatu wamekukodolea macho, je, ungemfungulia nani? Na wale wawili waliobeba godoro, jioni wakikuaga waende zao kule mbali, ungewaambia nini?