Hotuba Ndefu ya Diwani Lugendo

Mwalimu Siwema alidai maktaba ya shule miaka mingi, mpaka Diwani Lugendo, kwa ile huruma yake ya msimu wa uchaguzi, akaleta maboksi ya vitabu na mpiga picha.

"Nimeviazima dukani," diwani alimnong'oneza Siwema. "Jioni vinarudi. Visichafuke tu."

"Hakuna shida, mheshimiwa. Tutavitunza ofisini, vumbi lisiviguse. Ila hotuba iwe ndefu. Mtu mkubwa haongei kidogo."

Diwani akahutubia. Alipotaka kukaa, Siwema akamwambia, "Tusimulie na utoto wako, mheshimiwa. Wazazi wanataka kulia."

Akausimulia wote.

"Na ile barabara yetu?"

Akaieleza na barabara, ambayo mpaka leo haijajengwa.

Jioni mwenye duka alifungua boksi la kwanza, akalifunga. "Hivi sivipokei. Utavilipia."

Kila kitabu kilikuwa kimegongwa mhuri wa shule.

Diwani alirudi amefura. "Mmegonga saa ngapi vitabu vyote hivi?"

"Ulipokuwa unahutubia," alijibu Siwema. "Ulipofika kwenye barabara vitabu vilikuwa vimeisha, walimu wakawa wanagonga maboksi."