Uzi wa Bluu Kwenye Kadi ya Kliniki

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja, na msianze kutazamana, hasali hapa. Alikuwa na mimba ya nne. Nyumbani aliacha watatu wazima, Tusekile, Ambakisye na mdogo wao Lusajo, wanaomaliza sufuria ya ugali kabla baba yao hajanawa mikono. Kila mwezi aliwahi kliniki alfajiri, akakaa kwenye benchi mpaka miguu ikavimba. Zamu yake ikifika, mkunga alimpima harakaharaka na kusema, "Mtoto yuko vizuri. Mwingine!"

Sasa pale kliniki alikuwa akimwona mwanamke mmoja wa kijiji cha pili. Huyo alikuja saa nne, ameshikwa mkono na mumewe. Hata kukaa hakai. Akinyoosha tu kadi yake mlangoni, anaambiwa, "Karibu mama, karibu baba, piteni." Wanaingia wote wawili na kukaa humo nusu saa nzima. Tena alisikia kwamba hata wakija siku isiyo ya kliniki, hawafukuzwi.

Wivu ukamkaba mama wa watu. Wangu hata geti la kliniki halijui, akawaza, na huyu anasindikizwa kama bibi harusi! Amenizidi nini? Tumbo lake lina dhahabu, langu lina pumba?

Akamnong'oneza jirani yake, "Shoga, hapa ni undugu tu. Mkunga ni shangazi yake yule."

"Wee! Una uhakika?"

"Nakwambia!"

Uhakika autoe wapi? Alikuwa na wivu, basi.

Lakini macho yake hayakulala. Akagundua kwamba kadi ya yule mwanamke imetobolewa pembeni, na kwenye tundu umefungwa uzi wa sufu wa bluu. Kumbe siri ndiyo hiyo! Akarudi nyumbani, akachukua sweta ya bluu ya Lusajo, akafumua uzi kwenye mkono wake, akaufunga kwenye kadi yake mwenyewe. Roho ikatulia.

Mwezi uliofuata mkunga wao alikuwa semina, na mlangoni alisimama mwingine asiyemjua mtu. Mama yetu akafika saa nne, kajitanda kitenge kipya, akanyoosha kadi.

"Karibu mama, pita."

Akapita mbele ya benchi zima kwa maringo, na utamu wake ukampanda mpaka kichwani.

Mkunga akafunga mlango. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Kadi hakuifungua, akaiweka mezani, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, leo hatuna haraka. Nitakusikilizisha moyo wa mtoto hata mara tatu ukitaka. Ila kabla ya huyu aliye tumboni, mwenye uzi huu wa bluu tunaanza na yule aliyetangulia. Yule mliyemzika. Mlimpa jina gani?"

Mnaona alipofika? Akisema kweli, aibu, na benchi linamngoja. Akidanganya, lazima ataje jina la mtoto, na majina aliyonayo ni matatu tu. Amzike nani kwa mdomo wake? Tusekile? Ambakisye? Jina la Lusajo likamfika ulimini. Akaliuma.

"Dada, nisamehe," akasema. "Wangu wote wako hai."

Mkunga hakumfokea. Alimrudishia kadi. "Mungu ashukuriwe. Nenda kakae, mama."

Alipotoka, yule mwanamke na mumewe walikuwa wamesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri. Akaona jinsi mume alivyomshikilia asianguke kwa hofu.

Wapendwa, sisi ndio yule mama. Mwenzako akiombewa kila Jumapili, unasema mchungaji ana watu wake. Wazee wa kanisa wakienda nyumba fulani mara tatu kwa mwezi, unalalamika kwako hawajafika hata kwa chai. Unaitaka nafasi ile. Je, uko tayari kuichukua pamoja na kilichompeleka pale? Nani asimame sasa hivi aseme yuko tayari? Mbona kimya?

Humu ndani wamo wajawazito wasiocheka, na sisi tunasema wanaringa. Wamo akina baba wanaotoka nje tunapombariki mtoto mchanga, na sisi tunasema hawana adabu. Walipofiwa hatukufunga turubai wala hatukukaa matanga. Tuliwaambia, "Mtapata mwingine," tukaenda kupalilia maharage.

Wiki hii mwendee mmoja wao. Usimpe ushauri, na mistari ya Biblia iache nyumbani. Kaa chini, umwulize mtoto wake aliitwa nani, kisha funga mdomo usikilize. Wengine wana miaka kumi wanamngoja mtu awaulize.