Hodi ya Mchana Mlangoni kwa Mhanga

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia kwa pua? Ninyi watu wazima huko nyuma, mnadhani hadithi ni ya watoto peke yao? Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Basi palikuwa na njia. Palikuwa na wapitao, palikuwa na wakaao. Kaeni vizuri, nimeanza.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa wakiandamana ovyo. Swala akioa, anatoka na ngoma zake, ti-ti-ti, anapita anapotaka. Nyani akifiwa, anatoka na watu wake wanalia, anapita anapotaka. Siku moja harusi ya Swala ikakutana na msiba wa Nyani pale kivukoni. Huku vigelegele, huku kilio. Nani ampishe mwenzake? Hakuna aliyepisha. Walisukumana, wakatukanana, bibi harusi akaangukia majini, na maiti wa Nyani hakuzikwa siku ile. Ilikuwa aibu tupu.

Ndipo baraza likaitishwa. Likakaa mchana, jua la utosi. Likakata shauri: kuanzia leo, anayetaka kupita na ngoma, awe na harusi, awe na msiba, awe na furaha zake tu, aende kwanza kwa Ngiri akaombe kibali. Ngiri ataitembea njia nzima kwa miguu yake. Atapiga hodi kila mlango ulio njiani. Mwenye mlango akisema piteni, watapita. Akisema ngojeni, watangoja. Akisema zungukeni, watazunguka. Wote wakisharidhika, Ngiri atakata tawi bichi la mkwaju, na tawi hilo ndilo kibali. Anayetangulia atalibeba mdomoni, kila mtu aone.

Mmoja akauliza, "Na asiyeitika hodi je?"

Jua lilikuwa kali na kila mtu alitaka kurudi kwake.

"Akipigiwa hodi tatu asiitike," wakasema, "basi amekubali. Kimya chake tutakihesabu kuwa ndiyo."

Hakuna aliyepinga. Waliokuwepo pale, wote walikuwa watu wa mchana.

Sasa Ngiri. Mnamjua Ngiri, uso mpana, meno nje, akikimbia mkia umesimama wima. Kazi ile aliipenda. Hakula rushwa, hilo nampa haki yake. Wala hakumchelewesha mtu. Ukimwendea asubuhi, jioni tawi unalo mdomoni. "Kwangu mimi hakuna njoo kesho," alikuwa akisema, na akishasema hivyo mkia unapanda wenyewe.

Nyumba yake ilikuwa shimo zuri, kavu, lenye nafasi. Aliliingia kinyumenyume, makalio kwanza, kama desturi ya ngiri wote. Lakini hakulichimba yeye. Alilichimba Mama Mhanga. Huyo hamumjui, maana hatoki mchana. Ana masikio marefu kama ya punda, ana pua ndefu, ana kucha za kuchimbia, na chakula chake ni mchwa. Hulala kutwa, jua likizama ndiyo anaamka. Siku aliyohama alimwambia Ngiri, "Ingia, baba. Mimi nitachimba jingine." Akaenda zake, akachimba jingine chini ya kichuguu, upande wa mto.

Basi mwaka huo kiangazi kilikuwa kibaya. Mto ulikauka ukabaki matope. Nyati walimpoteza mama yao, mkubwa wa kundi, aliyewalea wote. Alianguka kwenye kona ya mto akitafuta maji. Hawakuwa na nguvu hata ya kumlilia. Walimwacha pale wakaendelea na safari, midomo mikavu. Halafu mvua ikanyesha, nyasi zikaota, na mwanawe mkubwa, Jumbe Nyati, akaenda kwa Ngiri asubuhi.

"Bwana Ngiri, za asubuhi?"

"Njema, Jumbe. Poleni na msiba."

"Hilo ndilo lililonileta. Hatukumlilia mama. Tunataka kwenda kumlilia, kundi zima, na ngoma, mpaka pale konani."

"Lini?"

"Kesho, ukituruhusu. Nyasi zinaota haraka, Bwana Ngiri. Zikipafunika, hatutapajua tena alipolala."

Ngiri naye alimzika mama yake kiangazi kile kile. Alimtazama Jumbe Nyati, mtu mzima na pembe zake zile, macho yamejaa machozi, akashindwa kusema ngoja kwanza.

"Kesho mtapita," akasema.

Alisema hivyo kabla hajaitembea njia. Sikieni vizuri hapo, maana ndipo mambo yalipoharibika.

Ngiri akashika njia. Kwata kwata, kwata kwata. Akafika kwa Kware, kwenye majani.

"Hodi."

"Karibu, baba."

"Kesho Nyati wanapita na ngoma. Wanakwenda kumlilia mama yao."

"Kundi zima? Na vifaranga wangu hawa? Waambie wangoje niwavushe ng'ambo kwanza."

"Watangoja."

"Basi wapite, masikini, nao wamefiwa. Halafu, baba, ukifika kwa Mama Mhanga ugonge vizuri. Amejifungua."

Kwata kwata, kwata kwata. Akafika kwa Kobe.

"Hodi, babu."

"Nimo. Mimi nitakwenda wapi?"

"Kesho Nyati wanapita na ngoma."

"Wapite. Lakini hapa kwangu wasipige. Nyumba yangu ndiyo hii niliyovaa. Ngoma ikilia, nyumba nzima inatetemeka na mimi nimo ndani."

Ngiri akacheka. "Hapa watanyamaza, babu."

Kwata kwata, kwata kwata. Akafika kwenye kichuguu, mlangoni kwa Mama Mhanga. Jua lilikuwa la utosi.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, Mama Mhanga!"

Kimya.

Ngiri akasimama pale, mguu mmoja juu. Alijua kwa nini haitikiwi. Nani asiyejua? Moyo ukamwambia, keti hapa, jua litazama, atatoka, utamuuliza. Lakini akafikiri, jua likizama Jumbe Nyati atakuja kuchukua tawi lake. Nitamwambia nini? Njoo kesho? Mimi?

"Hodi tatu nimepiga," akasema kwa sauti, na hakuna aliyemuuliza. "Sheria ni sheria."

Akaondoka. Akakata tawi la mkwaju. Jioni Jumbe Nyati akalipokea kwa heshima zote.

Kesho yake Nyati wakatoka. Ndu! Ndu! Ndu! Jumbe Nyati mbele na tawi mdomoni, nyuma yake kundi, wakubwa kwa wadogo, wanaimba. Nanyi itikieni, msiniachie peke yangu:

Mama, tumekuja,
Mvua imekuja,
Mama, tumekuja.

Walipofika kwa Kware, wakasimama mpaka kifaranga wa mwisho akavuka. Ndu! Ndu! Ndu! Walipofika kwa Kobe, ngoma zikanyamaza, wakapita kwa kunyata, na kunyata kwa nyati mnakujua wenyewe. Kobe akatoa kichwa akashukuru. Ngiri alikuwa kando ya njia, mkia wima. Akasema moyoni, ona kazi yangu ilivyonyooka.

Ndu! Ndu! Ndu! Wakafika kichuguuni.

Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Akapita Nyati wa kwanza, ardhi ikamstahimili. Akapita wa pili. Ngiri akaona ukingo wa lile shimo unamomonyoka, kidogo kidogo, udongo unaingia ndani. Mkia ukashuka.

"Simameni!" akapiga kelele.

Ndu! Ndu! Ndu! Nani atamsikia? Mama, tumekuja. Akapita wa tatu, akapita wa nne, wakapita wote, na ardhi ikafanya didididi, pwaa. Walipokwisha kupita, mlango wa Mama Mhanga haukuwepo. Palikuwa na udongo na nyayo.

Ngiri akapiga magoti. Akalaza sikio chini. Mwanzo hakusikia kitu. Halafu akasikia, mbali, chini kabisa: kwaru... kwaru...

Wazima. Ngiri akaondoka mbio, akalipita kundi, akasimama mbele ya Jumbe Nyati katikati ya njia.

"Simama, Jumbe."

Jumbe Nyati akasimama, tawi mdomoni. "Tuna kibali, Bwana Ngiri."

"Kibali nimekitoa mimi, na nimekitoa vibaya. Mmemfukia mama na mtoto wake."

Tawi likaanguka. Ngoma zikanyamaza moja baada ya moja. Nyati wote wakageuka kutaka kukimbilia kichuguuni.

"Msije," Ngiri akawaambia. "Mkikanyaga tena pale mtawamaliza. Simameni hapo hapo, mtulie."

Wakasimama. Kundi lile zima, hakuna aliyeinua kwato.

Ngiri akarudi akapiga magoti, akachimba. Akachimba kwa pua, akachimba kwa meno, udongo ukamjaa machoni. Kware akaja akaparua naye. Kobe naye akaja. Alifika wenzake wamemaliza, lakini alikuja. Kwaru kwaru ikakaribia. Ikatoka pua ndefu, yakatoka masikio, akatoka Mama Mhanga, na chini ya kifua chake mtoto. Mtoto alikuwa hai. Mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika.

Mama Mhanga alifumba macho, maana mwanga ulimuumiza. Hakulia. Alisema tu, "Ngiri."

"Naam, mama."

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga. Mara tatu."

"Wakati gani?"

"Mchana."

"Mimi hulala wakati gani, Ngiri?"

Ngiri akatazama chini. "Mchana."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Mama Mhanga akamlamba mtoto wake udongo puani. Kisha akageuza masikio upande wa Nyati. "Na hawa walikuwa wanakwenda wapi?"

Jumbe Nyati akajibu mwenyewe kutoka pale aliposimama. "Tulikuwa tunakwenda kumlilia mama yetu, pale konani. Tusamehe, mama. Tulidhani tumeruhusiwa."

"Poleni," akasema Mama Mhanga. "Mngeniuliza, ningewaambia mpite nyuma ya kichuguu. Kule ardhi ni ngumu. Ni hilo tu ningewaambia."

Jumbe Nyati akalia pale pale, mbele ya watoto wake. Kisha wakaendelea na safari. Tawi walikuwa wameliacha njiani, na ngoma hawakuzipiga tena. Wimbo waliuimba polepole, wakafika konani, wakamlilia mama yao mpaka wakatosheka. Waliporudi walipita nyuma ya kichuguu.

Ngiri alibaki na Mama Mhanga. "Nyumba yangu ipo," akamwambia. "Uliichimba wewe. Rudi ukae."

Mama Mhanga akamchukua mtoto, akaingia. Mvua ikanyesha tena, na Ngiri akalala nje, ikamnyeshea mgongoni.

Siku ya pili Ngiri akaitisha baraza. Safari hii hakuliitisha mchana. Aliliitisha jua linapozama, watu wa mchana hawajalala, watu wa usiku wameshaamka. Akaja Popo, akaja Nungunungu, akaja Fisi anapiga miayo. Tangu baraza liwe baraza, hawa hawakuwahi kuketi pale. Mama Mhanga naye akaja na mwanawe mgongoni.

Ngiri akasimama mbele ya wote. "Nilijua amelala," akasema. "Sheria ilinipa mwanya, nikapita. Niondoeni kazini, mweke mwingine."

Wengi wakaguna kukubali. Nyani akasema aondoke leo leo. Ndipo Mama Mhanga akaomba neno.

"Abaki," akasema. "Huyu sasa ameshajua. Mkiweka mwingine, atajifunza kwa mtoto wa nani?"

Wakamwacha Ngiri kwenye kazi yake, wakaibadilisha sheria: asiyeitika hajakubali, na tawi halikatwi mpaka aamke aseme. Tangu hapo Ngiri alianza kuwaambia watu njoo kesho. Walimnung'unikia, aliwaacha wanung'unike. Yule mtoto wa Mhanga alikua, akawa mchimbaji hodari, lakini mguu haukupona sawasawa. Kila jua likizama Ngiri alimsikia akitoka kwenda kutafuta mchwa, hatua moja nzito, hatua moja nyepesi, na kila akisikia, aliona haya upya.

Ndiyo maana mpaka leo ukimwona Ngiri njiani, utamkuta amepiga magoti, kichwa chini. Watu wanasema anakula nyasi. Kula anakula, lakini mtazameni sikio lake. Anasikiliza kama kuna mtu chini.

Sasa fundisho lake, nawapa wazi msije mkasema sikuwapa. Ukiwa na sherehe yako au kilio chako, ni haki yako kupita. Lakini anayekaa njiani aulizwe kwanza, na aulizwe wakati yuko macho. Na wewe uliyepewa kazi ya kuuliza, usikihesabu kimya cha aliyelala kuwa ndiyo.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Mama Mhanga. Mkiondoka, piteni nyuma ya kichuguu.