Sinia Lililopasuka Safarini

Anayesinzia akalale, wengine niitikieni.

Mume na mke walisafiri mbali kwa mashua na binti yao Mwanakheri, wakigombana njia nzima. Mlingotini mlikaa jini aliyepasua chochote wanachogawana watu.

Mume akasema, "Sili nawe sinia moja." Sinia likapasuka.

Mke akasema, "Basi na maji tugawane." Mtungi ukapasuka, maji yakamwagika.

Wajinga hawakukoma.

"Tukifika, mtoto namchukua mimi," mke akasema.

"Umemzaa peke yako?" mume akajibu. "Nusu yake yangu."

Utosi wa Mwanakheri ukafunguka, damu ikashuka hadi kidevuni. Akawakamata wazazi mikono, akaitumbukiza katika chungu kimoja cha wali.

"Kuleni."

Wakala, vidole vikigusana. Damu ikakata.

Walifika wote watatu. Hadithi imetia nanga. Kovu utosini mwa Mwanakheri halijafutika.