Majani Mabichi Kwenye Kona

Kabla hatujatoka humu kanisani kwenda kwenye pilau, maana naona macho ya wengine yameshatangulia kwenye masufuria, nipeni dakika chache. Leo ni siku tuliyoitenga kuwashukuru madereva wa malori. Ni jambo jema. Nimeombwa niseme neno la shukrani, na mimi nimekuja na mfano. Kaeni vizuri.

Kulikuwa na mji mmoja mdogo kando ya barabara kuu, chini ya mteremko mkali wenye kona. Mji ule uliishi kwa malori. Malori yakipita, chai inanyweka, pancha inazibwa, mtoto anakwenda shule. Siku moja mwenyekiti wa mji akawaita watu akasema, "Ndugu zangu, hawa madereva ndio wanaotulisha. Tuwape siku yao." Watu wakapiga makofi. Wakachinja, wakafunga maturubai, wakaandika kitambaa kikubwa: KARIBUNI MADEREVA, TUNAWAPENDA.

Kazi ya kupika akapewa mama mmoja aliyekuwa akiwapikia madereva kila siku. Alijua nani hali pilipili na nani anataka ugali mgumu. Asubuhi ya sherehe akawaona watu wanakata matawi mabichi na kuyapanga juu ya lami, kuanzia kwenye maturubai mpaka kule juu kwenye kona. Akamfuata mwenyekiti.

"Mwenyekiti, majani barabarani hawa watu wana maana nayo."

"Mama, leo ni sherehe. Yale ni mapambo."

"Wao wakiona majani wanajua mbele kuna mwenzao amepata ajali."

"Wataona maturubai, wataelewa. Wewe angalia moto wako."

Mama akarudi kwenye moto wake.

Saa nne, hakuna lori. Saa tano, hakuna lori. Saa sita jua liko utosini na barabara ni tupu. Mnajua barabara kuu ikinyamaza inakuwaje? Wale walikuwa hawajui. Tangu wazaliwe walilala na kuamka na mngurumo. Sasa wakasikia nzi. Wakasikia kitambaa chao kikijipigapiga kwenye kamba. Kuku akatoka uani, akatembea mpaka katikati ya lami, akakunja miguu akakaa. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akasema polepole, "Hata siku ya Krismasi hupita."

Kisha kwenye kona wakatokea watu.

Walikuwa madereva, kwa miguu, na ndala zao na fulana zao zilizopauka kwa jua. Walipata hamsini. Walishuka katikati ya barabara bila kuongea, na kila mmoja ameshika dumu la maji. Malori walikuwa wameyaacha nyuma ya kona, yamezimwa, foleni ambayo huoni mwisho wake. Ndiyo desturi yao: akiona majani anasimama, na akisimama anashuka na maji, kwa sababu mtu aliyebanwa kwenye usukani kitu cha kwanza anachoomba ni maji.

Mwenyekiti akawakimbilia mikono wazi. "Karibuni, karibuni wageni wetu wa heshima!"

Dereva wa mbele, mtu mzima mwenye mvi, hakumpa mkono. Akasema, "Poleni. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenzetu. Tumeona majani."

"Hakuna aliyeumia, mzee wangu. Leo ni siku yenu! Tunawashukuru!"

Yule mzee akawa kama hakusikia. Wenzake wakasambaa. Wakapita katikati ya watu, wakachungulia mtaroni, wakainama chini ya meza zile zilizotandikwa vitambaa, wakamtazama kila mtu usoni, wakiuliza kwa upole uleule, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Watu wakaanza kurudi nyuma. Ukimwona mtu anarudi nyuma mbele ya mtu mwenye dumu la maji, jua ana jambo.

Mmoja akafika jikoni. "Mama, yuko wapi?"

Mama akaweka mwiko chini.

Sasa niwaambie alichokijua mama, na mji mzima ulikijua, ila ulikuwa hausemi. Miezi miwili nyuma, lori la mchele lilipinduka kwenye kona ileile. Ilikuwa mchana kweupe. Mji mzima ulipanda na ndoo, na mabeseni, na mashuka. Dereva alikuwa amebanwa ndani, yu hai. Akamwona mama, akamtambua, akamwita, "Mama, maji." Mama ana kiroba cha mchele begani. Akamjibu, "Nakuja mwanangu, ngoja nikateremshe hiki." Akateremsha. Akapanda tena, akakuta kuna kiroba kingine. Alipopanda mara ya tatu hakuitwa. Na siku ile, ndugu zangu, hakuna aliyekata hata tawi moja.

Mama akasema mbele ya watu wote, "Alikuwa pale kwenye kona. Aliniomba maji. Mimi nikamwambia angoje."

Yule mzee mwenye mvi akasogea kwenye sufuria, akafunua kifuniko. Pilau ilikuwa imeiva, imechambuka, harufu inapanda. Akauliza, "Na mchele huu, mama, mliupata wapi?"

Nani angejibu? Wewe ungejibu?

Hakula hata mmoja. Waliweka madumu yao chini, moja moja, yamejaa vilevile, mbele ya zile sufuria. Wakapanda mlima kurudi walikotoka.

Sisi nasi tunapenda kushukuru. Kumshukuru mtu mwenye afya aliyesimama, na turubai juu na sahani mkononi, ni kazi nyepesi. Alipokuwa amebanwa tulikuwa na haraka. Tuna vitambaa vya kuwakaribisha walio hai, na wa kwenye kona hatujui hata jina lake. Nani humu analijua? Mnaona.

Wengine mmeinamisha vichwa. Mnajiuliza mchungaji anausema mji gani. Nilisema ni mfano, na nilichotunga mimi ni wale madereva na madumu yao tu. Kona mnaijua. Mchele mnaujua. Na mimi siku ile sikubaki humu nikiomba. Nilipanda na ndoo ya kanisa, ile pale mlangoni tunayonawia mikono, na niliisikia ile sauti. Nilisema moyoni kwamba wapo wengine watakaompa maji. Nimeona aibu kila Jumapili tangu hapo.

Leo asubuhi nimewakuta watu wetu wanapanga matawi mabichi juu ya lami, kutoka hapa nje mpaka juu. Nikapita, nikanyamaza. Ibada tumeianza saa tatu, sasa inakwenda saa sita. Hebu nyamazeni kidogo. Mama, mtulize mtoto.

Tangu tumeingia humu, nani amesikia lori likipita?

Wakifika watauliza swali moja tu, nanyi mmeshalisikia. Wa kwanza kujibu nitakuwa mimi. Shemasi, fungua mlango.